Kuchagua Herufi za Kibandiko

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, asali inauzwa ndani ya vyombo vya kila namna: chupa za maji, chupa za bia zilizooshwa, na vyombo vya kioo vyenye kifuniko. Vyombo vingi havina neno lo lote juu yake. Mnunuzi anauliza: "Imetoka wapi?" Muuzaji anajibu. Mnunuzi anaonja kwa ncha ya kidole, anauliza tena kama haikuchanganywa na sukari. Akiamini, anatoa franka zake. Asipoamini, anakwenda kwa mwingine. Biashara hiyo si mbaya, kwa kuwa watu wawili wanatazamana uso kwa uso.

Lakini chupa ikisafiri, mambo yanageuka. Ikipanda mashua kwenda Goma, au ndege kwenda Kinshasa, mwenye asali anabaki nyumbani. Huko iendako hakuna wa kujibu maulizo. Basi lazima chupa ijibu yenyewe. Kwa sababu hiyo watu wanabandika juu yake karatasi ndogo yenye maandishi. Wengine huiita etiketi, kama katika Kifaransa. Katika somo hili itaitwa kibandiko.

Kibandiko kina maneno ya namna mbili. Kwanza kuna jina: Asali ya Bukavu, Sabuni ya Mawese, Kahawa ya Idjwi. Halafu kuna maelezo: uzito, siku ya kutengenezwa, vitu vilivyomo ndani, mahali anapokaa mwenye kazi. Jina linafanya kazi ya mpiga ngoma: linaita watu walio mbali. Maelezo yanafanya kazi ya karani: yanajibu mtu aliyekwisha kukaribia. Mpiga ngoma na karani hawavai nguo moja, na herufi zao vilevile si za sura moja. Wapiga chapa wamezoea kuzitenga: herufi za tangazo kwa jina, na herufi za kusoma kwa maelezo. Herufi za kusoma hazina shida nyingi. Shida iko katika herufi za tangazo.

Fikirini mjane mmoja anayepika sabuni kwa mafuta ya mawese. Sabuni yake ni ngumu, haiyeyuki upesi, inatoa povu jingi. Kwa sabuni hiyo analipa ada ya shule ya watoto wake watatu. Mkubwa wao amejifunza kutumia kompyuta ya parokia, naye anapewa kazi ya vibandiko. Anafungua orodha ya herufi: sura zaidi ya mia. Nyingine ni nene, nyingine nyembamba, nyingine zina maua na mikia. Anachagua ile yenye mikia mingi kuliko zote, maana inapendeza. Vibandiko 200 vinapigwa chapa na kulipwa. Siku ya soko, watu wanatazama kipande cha sabuni na kusoma "Saluni". Herufi b, kwa mikia yake, imefanana na l. Wanacheka, wanapita, wananunua sabuni ya kiwanda, ambayo pengine haifikii ile ya mama. Karatasi 200 zimepotea, na fedha ya wino imekwenda pamoja nazo.

Mtoto huyo si mjinga. Amedanganywa na mambo mawili. Kwanza, katika kioo cha kompyuta herufi ilionekana kubwa kama kiganja, lakini juu ya sabuni ilikuwa ndogo kama punje ya mchele. Pili, yeye mwenyewe alijua tayari neno lililoandikwa. Mtu anayelijua neno hawezi kupima kama linasomeka, kwa kuwa jicho lake linasoma yale yaliyomo kichwani. Kwa hiyo wapiga chapa wenye akili hawaamini macho yao wenyewe. Wanapiga karatasi moja tu, wanaikata kwa kipimo chake cha kweli, wanaibandika juu ya kitu, kisha wanamwita mtu asiyejua lo lote na kumwuliza: "Hapa pameandikwa nini?" Afadhali mtu huyo awe mzee mwenye macho yaliyochoka, au mtoto aliyeanza kusoma mwaka huu. Wakisoma bila kusitasita, herufi imefaulu. Wakikaza macho, imeshindwa, hata iwe nzuri kama nini.

Ili kuchagua vizuri, yafaa kujua sura za herufi zilitoka wapi, kwa maana kila sura ilizaliwa kwa kazi fulani.

Herufi kubwa zinazoandikwa leo katika Kiswahili na Kifaransa zilitoka kwa Warumi. Mjini Roma inasimama nguzo ya kaisari Trajano, iliyomalizika mwaka wa 113. Chini ya nguzo kuna maandishi yaliyochongwa katika jiwe, na hata leo mafundi wa herufi wanasafiri kwenda kuyatazama. Tazameni herufi kama hizo katika kitabu: mstari mmoja mnene, mwingine mwembamba, na mwisho wa kila mstari kuna kituo kidogo, kama mguu wa kiti. Hivyo ndivyo vijiguu vya herufi. Mwaka wa 1989 Mmarekani mmoja, Carol Twombly, alichora herufi za kompyuta kwa kufuata maandishi ya nguzo hiyo, akaziita Trajan. Warumi hawakuchonga herufi ndogo katika jiwe lile, basi hata Trajan haikupewa herufi ndogo.

Wamonaki wa Ulaya waliandika vitabu kwa mkono muda wa mamia ya miaka, kwa kalamu ya unyoya wa ndege. Kalamu ile iliyokatwa bapa ilizaa herufi nyeusi, zilizosongamana, zenye pembe kali, zinazoitwa za Kigothi. Johannes Gutenberg wa Mainz, huko Ujerumani, alipopiga chapa Biblia yake karibu na mwaka wa 1455, aliyeyusha madini na kutengeneza herufi za sura hiyohiyo, ili kitabu chake kifanane na vile vya mkono. Leo herufi za Kigothi zinabaki katika diploma na majina ya magazeti machache. Juu ya chupa ya asali hazifai hata kidogo. Watu wachache wanaweza kuzisoma, na zikiandikwa zote kubwa, hakuna anayeweza.

Baada ya Gutenberg, kwa miaka zaidi ya mia tatu, wapiga chapa walipiga hasa vitabu. Kitabu kinashikwa mkononi, karibu na macho. Herufi nzuri ya kitabu ni ile ambayo msomaji haioni: anaona maneno tu. Mambo yalibadilika huko Uingereza wakati viwanda vilipoanza kutoa vitu vingi. Wenye viwanda walitaka kutangaza bidhaa zao ukutani, na mtu apitaye njiani azisome bila kusimama. Herufi za vitabu zilikuzwa, lakini ukutani zilionekana dhaifu. Ndipo watengenezaji wa herufi wa London wakaanza kubuni sura mpya. Karibu na mwaka wa 1815, Vincent Figgins alionyesha herufi nene zenye vijiguu vya mraba, vizito kama tofali. Mwaka wa 1816, William Caslon wa nne wa jina hilo aliondoa vijiguu vyote kabisa. Herufi zake zilikuwa kubwa tu, za mistari mitupu, na watu wa wakati ule hawakuzijali. Leo sura isiyo na vijiguu imeenea duniani kote, toka vibao vya barabara mpaka simu za mkononi.

Herufi za tangazo zilipozidi kukua, risasi ikashindwa. Herufi ya risasi yenye urefu wa kiganja ni nzito mno, tena ina gharama kubwa. Mpiga chapa mmoja wa New York, Darius Wells, akaanza kuchonga herufi za mti kwa mashine, na mwaka wa 1828 akatoa kitabu cha kuzionyesha kwa wanunuzi. Herufi za mti zilikuwa nyepesi na za bei nafuu. Lakini kwa vibandiko vyenyewe, kilichogeuza kazi ni jiwe. Kati ya mwaka wa 1796 na 1798, Alois Senefelder, aliyekaa Munich, aligundua jinsi ya kupiga chapa kutoka jiwe laini. Mchoro ulitiwa juu ya jiwe kwa wino wa mafuta. Jiwe likaloweshwa maji. Maji yanakataa mafuta, kama kila mtu ajuavyo jikoni. Basi wino wa kupigia chapa ulishika mahali penye mchoro tu. Tangu hapo mchoraji hakufungwa tena na herufi za risasi zinazosimama mstari mmoja kama askari. Aliweza kupinda jina kama upinde, kulikuza katikati na kulipunguza pembeni. Ndiyo maana vibandiko vya kale vya sabuni, vya biskuti na vya masanduku ya matunda vina herufi zilizopindapinda na zenye kivuli. Wanaotaka leo kitu chao kionekane cha zamani wanaiga vibandiko hivyo.

Sasa ni rahisi kuelewa ni sura ipi inafaa kwa kitu gani. Sura yenye vijiguu, ya ukoo wa Warumi, ina heshima na utulivu. Inafaa asali, mishumaa, kahawa. Sura nene ya vijiguu vya mraba ina nguvu. Inafaa majembe, magunia, masanduku ya mbao, na kila kitu kinachopigwa muhuri kwa nguvu. Sura isiyo na vijiguu inaonekana safi, kama chumba kilichofagiwa. Inafaa sabuni na maziwa.

Mwandiko wa kuunganisha herufi ndio unaopendwa kupita zote, na ndio unaoharibu vibandiko vingi kupita zote. Unapendeza kwa sababu unaonyesha mkono wa mtu. Chupa ya Coca-Cola inajulikana na kila mtoto. Jina lile lilichaguliwa mwaka wa 1886, katika mji wa Atlanta, na Frank M. Robinson, karani wa hesabu, naye akaliandika kwa mwandiko ambao makarani wa Marekani walifundishwa shuleni siku zile. Haukuwa mwandiko wa ajabu. Umekuwa maarufu kwa sababu wenye kinywaji hicho wameushika kwa miaka zaidi ya mia moja. Tena tazameni: ni maneno mawili mafupi, yenye herufi kubwa mbili tu mwanzoni. Mtu akichukua mwandiko kama huo na kuandika SABUNI YA MAWESE kwa herufi kubwa zote, anapata kichaka cha miiba. Herufi kubwa za mwandiko zilifanywa zisimame peke yake mwanzo wa jina. Hazikufanywa zikae pamoja.

Na kama mtengenezaji mwenyewe, au mtoto wake, ana mwandiko mzuri wa kweli? Hapo hakuna haja ya kompyuta. Anaweza kuandika jina mara moja kwa uangalifu juu ya karatasi nyeupe, kwa wino mweusi, na kulitoa nakala. Herufi hizo hazitafanana na za jirani ye yote.

Iko sura moja inayostahili kuelezwa peke yake, kwa maana inawagusa watu wa Afrika. Ni herufi nene, zenye pembe zisizo sawa, kama zilizokatwa kwa shoka. Katika nchi za nje mara nyingi huwekwa juu ya vitabu vinavyohusu Afrika, juu ya vinyago na vitambaa vinavyouzwa kwa watalii, hata watu wengi wamefikiri kwamba ndizo herufi za Kiafrika. Zinaitwa Neuland. Alizifanya Mjerumani, Rudolf Koch, katika mji wa Offenbach, mwaka wa 1923. Koch alikuwa mtu wa ibada, Mlutheri, mpenda maandishi ya Biblia. Alizikata moja kwa moja katika chuma bila kuchora kwanza, na ndiyo sababu ya zile pembe zao. Afrika haikuwamo katika kazi yake. Ni wauzaji wa baadaye waliozivisha nguo hiyo, wakifikiri kwamba kitu kisichonyooka ndicho kinachofanana na Afrika.

Herufi zenyewe hazina kosa. Ni za nguvu, na Koch alikuwa fundi mkubwa. Lakini fundi wa Kongo akiambiwa kwamba ni lazima azitumie ili kazi yake ionekane ya kwao, anaambiwa uwongo. Wakuba wa Kasai wanafuma na kutarizi vitambaa vya rafia kwa mistari iliyopimwa kwa akili nyingi, na hakuna aonaye huko alama ya shoka. Pambo la namna hiyo laweza kuzunguka kibandiko kwa uzuri, likikaa pembeni na kuacha katikati peupe kwa ajili ya jina. Likiingia ndani ya herufi, linazila.

Anayetaka herufi za Kongo, azitafute ukutani. Katika kila mji kuna mafundi wanaopaka majina ya maduka, ya vinyozi na ya mikahawa kwa brashi, wakitia kivuli cha rangi ya pili ili jina liinuke. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka wa 1956 huko Kinto M'Vuila, alianza kwa kuchora vibao vya matangazo mjini Kinshasa. Mwaka wa 1975 akafungua karakana yake mwenyewe, akaanza kuandika maneno ndani ya picha zake. Mwaka wa 1989 picha zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Herufi za mafundi wa ukutani ni za brashi halisi, zimezoea kusomwa toka ng'ambo ya barabara, katika jua kali na vumbi. Mtengeneza sabuni anayemwomba fundi wa mtaa wake amwandikie jina kwa brashi, hata kwa malipo kidogo, mara nyingi anapata kitu bora kuliko kile cha orodha ya kompyuta.

Sasa zichukueni rula na kalamu, kwa maana sura nzuri inaweza kushindwa na hesabu. Chombo cha kioo chenye upana wa sentimita 7 kina mzunguko wa sentimita 22. Lakini hakuna anayeona mzunguko wote kwa mara moja. Mtu aliyesimama mbele yake anasoma vizuri theluthi moja tu, yaani sentimita 7 hivi. Ukiacha nusu sentimita kila upande, zinabaki milimita 60. Jina Asali ya Bukavu lina herufi 13 na nafasi mbili, jumla 15. Gawanyeni: kila herufi inapata upana wa milimita 4. Ni kidogo sana. Lakini jina likiandikwa kwa mistari, neno Asali likiwa peke yake juu, herufi zake 5 zinapata milimita 12 kila moja. Sasa ngoma inasikika. Maneno ya Bukavu yatafuata chini yake kwa herufi ndogo zaidi. Anayetaka jina lote katika mstari mmoja hana budi kutafuta sura nyembamba, iliyobanwa, na hata hivyo herufi zake hazitakuwa na nguvu ileile.

Na urefu? Waganga wa macho wana ubao wa herufi wa kupimia. Mstari ambao jicho zima linatakiwa kuusoma toka mita 6 una herufi zenye urefu wa milimita 9 hivi. Kwa mita 3, nusu yake yatosha. Lakini hiyo ni kwa jicho zima, penye nuru nzuri, na mtu ametulia. Sokoni watu wanasukumana, na wengi hawana miwani. Basi yafaa kuzidisha mara mbili: kwa mnunuzi aliye mita 3 mbele ya meza, jina liwe na urefu wa milimita 9 au zaidi. Kompyuta hupima herufi kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja, yaani milimita 25 na kidogo. Tena inapima nafasi yote ya herufi, toka kichwa cha b mpaka mkia wa g. Herufi kubwa yenyewe huwa karibu sehemu 7 katika 10 za nafasi hiyo. Anayetaka herufi kubwa ya milimita 9 aiambie kompyuta pointi 36, kisha apime karatasi kwa rula, maana sura moja inazidi nyingine.

Rangi haihitaji maneno mengi. Herufi nyeusi au za rangi nzito juu ya karatasi nyeupe au ya manjano zinasomeka daima. Herufi za dhahabu juu ya rangi ya kahawia zinapendeza dukani penye taa, na zinapotea sokoni.

Jambo moja dogo limewaletea wengi hasara. Sura nyingine za herufi, hasa zile za mapambo, zilichorwa na watu wa lugha nyingine, nazo hazina alama zote. Mtu anaandika Café, na mahali pa é panatokea kisanduku kitupu, au herufi ya sura tofauti kama mgeni aliyeingia bila hodi. Anayeandika Kilingala kwa usahihi anahitaji ɛ na ɔ, na sura chache za mapambo zinazo. Katika Masisi, Kivu ya Kaskazini, watu wanatengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe. Neno ng'ombe lina alama yake juu, na tarakimu za uzito zinasimama karibu nalo. Kabla ya kuipenda sura yo yote, iandikwe kwanza: é, è, ç, ng', na tarakimu zote toka 0 mpaka 9. Tazameni kama 1 inaachana na l na I, kama 0 inaachana na O, kama 3 inaachana na 8. Mnunuzi akisoma gramu 800 mahali palipoandikwa 300, atamwita muuzaji mwizi, wala hatasikia habari ya sura za herufi.

Kwa maelezo, sura ya tangazo iachwe kabisa. Hapo itumike sura ya wazi. Shirika liitwalo SIL, linaloshughulika na lugha nyingi za dunia, limetengeneza sura isiyo na vijiguu kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, ambayo herufi zake hazichanganyikani kwa urahisi. Wameipa jina la Kiswahili: Andika. Inapatikana bure, na inazo alama za lugha nyingi za Afrika.

Mtu anaweza kuuliza: je, herufi zina mwenyewe? Zinaye. Kuchora sura moja kamili, kubwa na ndogo, tarakimu na alama, ni kazi ya miezi, mara nyingine ya miaka. Wachoraji wengine wanauza kazi yao. Wengine wanaruhusu itumike nyumbani tu, lakini si kwa biashara. Wengine wanaitoa bure kwa wote. SIL iliandika sheria ya ruhusa ya namna hii ya mwisho, na wachoraji wengi wa nchi nyingi wameifuata tangu ilipotengenezwa upya mwaka wa 2007. Chini ya ruhusa hiyo mtu anaweza kutumia herufi katika vibandiko vya kuuza bila kulipa; asichoruhusiwa ni kuziuza herufi zenyewe peke yake. Karatasi ya ruhusa hufuatana na herufi, nayo isomwe kabla ya kupiga chapa. Kuna na wizi mwingine, mbaya zaidi: kuiga herufi na rangi za kiwanda kinachojulikana ili mnunuzi adanganyike. Sabuni ya mjane, ikivaa nguo za sabuni ya kiwanda, inanunuliwa mara moja. Siku mnunuzi anapogundua, anaikataa pamoja na sabuni zake zote zijazo, na sheria nayo inaweza kumfikia mama.

Mahali pasipo umeme wala kompyuta, muhuri unatosha. Jina linachongwa katika kipande cha mti laini, cha mpira, au hata cha kiazi kwa kazi ya siku moja. Hapo herufi ni lazima ziwe nene na chache. Mistari myembamba inavunjika chini ya kisu, na matundu madogo, kama yale ya e na a, yanajaa wino mpaka yanaziba. Kwa hiyo herufi kubwa zisizo na vijiguu ndizo rahisi kwa mwanzo. Zinachongwa kinyume, kama zinavyoonekana katika kioo. Herufi A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y hazigeuki katika kioo, basi fundi anapumzika akizikuta. S na N ndizo zinazowakosesha watu, kwa kuwa zikigeuzwa bado zinafanana na herufi nzuri mpaka muhuri unapopigwa. Dawa yake ni kuandika jina kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi nyembamba, kuilaza kifudifudi juu ya mti, na kusugua mgongo wake kwa kijiko mpaka alama zihamie. Zikihamia hivyo, zimekwisha kugeuka zenyewe. Kisha kisu kinaondoa mti ulio nje ya alama, kidogo kidogo, kuanzia katikati ya herufi kwenda nje.